Kwa Nini Babu Zetu Waliingia KAR?

Mwaka 1902 Waingereza waliunda jeshi la KAR. Mwaka huohuo eneo la mashariki mwa Uganda likahamishiwa upande ambao sasa ni Kenya, na Wasamia na Wateso wakagawanywa na mpaka.

Vita vya 1914–1918 wengi hawakuulizwa. Walikamatwa wakabebeshwa mizigo ya jeshi, ndio hao Kariakor. Vita vya 1939–1945, wapo waliolazimishwa na wapo waliokwenda wenyewe. Serikali ilidai kodi kwa pesa, na jeshi lilikuwa na mshahara. Wengine walitafuta mahari, wengine kuiona dunia, wakafika hadi Burma.

Kijana, ukikuta nishani ya babu sandukuni, usiulize tu alipigana wapi. Uliza pia: ilikuwa hiari yake, au kodi ndiyo iliyomsukuma?