Tarishi Aliyefungua Makabati

Kwetu Rugu, wilayani Karagwe, barua haikuletwa nyumbani. Ilifikia kwenye S.L.P. ya shule au ya parokia, kisha mwalimu au katekista akaibeba hadi kwa mwenyewe. Maisha yetu yalimtegemea mjumbe. Labda ndiyo maana, nilipoanza kusoma historia ya fomu za kwenye tovuti, niliwapita wadukuzi nikamtazama mjumbe: ile programu ndogo inayochukua maneno uliyojaza na kuyapeleka kwa baruapepe.

Mwaka 1995 Matt Wright, kijana wa sekondari huko Colorado, Marekani, aliandika FormMail na kuigawa bure. Ilienea haraka. Lakini anwani ya mpokeaji ilikaa ndani ya fomu yenyewe, na programu iliamini chochote ilichoambiwa. Watuma barua taka wakabadilisha anwani hiyo, seva za watu zikageuka punda wao.

Mwaka uliofuata dunia ikaona kwamba fomu inaweza pia kusoma mafaili. Programu iitwayo phf, mfano wa kitabu cha simu uliokuja pamoja na seva za NCSA na Apache, ilipokea jina la kutafuta. Aliyeongeza alama ya mstari mpya, kisha amri, alirudishiwa faili la /etc/passwd, daftari la watumiaji wa mashine nzima. CERT ilitoa tahadhari Machi 1996.

Ungedhani somo liliishia hapo. Miaka 21 baadaye, Januari 2017, kosa la ukoo huohuo likapatikana ndani ya PHPMailer, maktaba ya kutuma baruapepe iliyoanza mwaka 2001 na kutumiwa na WordPress na Joomla. Ilikuwa na kazi moja ya ukarimu: ikikuta picha imetajwa katika ujumbe, iliitafuta kwenye seva na kuiambatisha. Isipoambiwa itafute katika folda gani, ilianzia mwanzo kabisa wa diski. Sasa chukua tovuti inayoyapokea maneno ya mgeni bila kuyachuja, kisha inamtumia nakala ya "tumepokea ombi lako". Mgeni anaandika kwamba picha yake ni faili la siri la seva. Tarishi anafungua kabati, anatoa faili, analitia kwenye bahasha na kumpelekea.

Hakuna mlango uliovunjwa. Tarishi alitumwa, akatii, na funguo alikuwa nazo. Kosa ni la aliyempa funguo za jengo zima kwa safari ya bahasha moja. Toleo 5.2.22 lilirekebisha hivyohivyo: bila kutajiwa folda, picha hizo haziambatishwi tena.

Haya yanatuhusu. Tangu mkongo wa SEACOM utie nanga Dar es Salaam mwaka 2009, maombi ya udahili, mikopo ya masomo na ajira yamehamia mtandaoni. Kijana wa Rugu anakwenda steshenari ya Kayanga, anamsomea mhudumu namba ya NIDA, wanaskani cheti cha kuzaliwa, wanabonyeza "tuma". Mwalimu aliyebeba barua ungeweza kumuuliza ameiacha wapi. Hapa hakuna wa kuuliza.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa azilinde. Ni hatua kubwa. Ila marekebisho ya 2017 hayajiweki yenyewe kwenye kila seva. Tovuti nyingi ndogo hutengenezwa mara moja, fundi analipwa, anaondoka, na toleo alilolifunga siku ile linabaki kama lilivyo. Mwombaji haoni namba ya toleo. Anayeiona ni fundi, kama bado kuna anayemlipa arudi kuitazama.