Milele ya Miaka Miwili

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha sheria iliyonuia kulinda ardhi za Waafrika. Sheria hiyo ilitamka kwamba ardhi ya rizavu, yaani maeneo waliyotengewa wenyeji, ingebaki kwa matumizi na manufaa yao milele. Kama serikali ingehitaji kipande chake kwa ajili ya kazi ya umma, ilipaswa kulishauri baraza la wenyeji na kuwapa ardhi nyingine yenye ukubwa uleule. Desemba 1932 sheria ikabadilishwa. Milele ilikuwa imedumu miaka miwili.

Kilichotokea hapo katikati ni dhahabu, na mahali palipotokea ni Kakamega.

Kwa miaka mingi niliujua mji huu kwa mambo mengine: msitu wake wa mvua, jiwe linalolia la Ilesi, ngoma ya isukuti, mafahali wanaopiganishwa alfajiri huku umati ukipuliza filimbi, na mvua inayonyesha alasiri kana kwamba imeandikiwa ratiba. Habari za dhahabu nilizisikia kwa mbali, kama unavyosikia kwamba babu wa jirani aliwahi kuwa tajiri. Nilipoanza kuzifuatilia, niligundua kwamba dhahabu yenyewe ni sehemu ndogo ya kisa. Sehemu kubwa ni ardhi, na swali la nani ana haki ya kusema "hapa ni kwetu."

Kakamega haikuanza na dhahabu. Makao makuu ya wilaya ya North Kavirondo yalihamishiwa hapo kutoka Mumias karibu mwaka 1920, na kwa muongo mmoja ulikuwa mji mdogo wa kiserikali: ofisi za mkuu wa wilaya, jela, maduka machache, na barabara inayogeuka matope msimu wa mvua. Hata jina lake lina mzaha ndani yake. Wenyeji husimulia kwamba Wazungu wa kwanza walipokaribishwa ugali, walishindwa kuumega kwa mkono kama watu wanavyomega, wakawa wanaudonoadonoa. Neno la Kiluhya la kudonoa huko ndilo linalosemekana kuwa Kakamega. Iwe kweli isiwe kweli, hadithi hiyo inapendwa kwa sababu ni moja ya hadithi chache ambamo mgeni ndiye asiyejua la kufanya.

Kuzunguka mji huo mdogo paliishi Waisukha, Waidakho na ndugu zao katika mojawapo ya sehemu za mashambani zenye watu wengi zaidi katika koloni zima. Hapa ndipo kisa hiki kinapoachana na visa vya dhahabu tunavyovijua kutoka sinema za Marekani. Katika sinema, mtafutaji anapanda mlima usio na mtu, anachimba, anatajirika au anakufa. Kakamega hapakuwa na mlima usio na mtu. Palikuwa na mtama, mahindi, migomba, ng'ombe wa mtu na kaburi la baba wa mtu. Kila kigingi cha mtafutaji kilipigwa kwenye shamba lenye mwenyewe.

Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, mkulima wa upande wa Turbo aliyeitwa L. A. Johnson, alipata dhahabu katika eneo la mto Yala. Kama angeipata miaka mitano kabla, huenda habari ingeenea polepole. Lakini mwaka ule walowezi wa Kenya walikuwa taabani. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeporomosha bei ya mahindi na kahawa, nzige walikuwa wamekula kilichobaki, na benki zilikuwa zinadai. Ndio mwaka ambao Karen Blixen aliuza shamba lake la kahawa kule Ngong na kurudi Denmark. Halafu, Septemba 1931, Uingereza ikaacha kufunga pauni yake kwenye thamani ya dhahabu. Pauni ikashuka, na kila wakia ya dhahabu ikaanza kununua pauni nyingi zaidi. Kwa mkulima wa Uasin Gishu mwenye ghala la mahindi yasiyonunulika, habari za Kakamega zilikuwa kama mvua baada ya kiangazi.

Wakaja. Walifika kwa malori na magari mabovu, na hema na sururu. Wengi wao hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wakulima waliofilisika, maafisa wa jeshi waliostaafu, vijana waliokosa kazi Nairobi. Kando ya mito, Yala na Isiukhu na vijito vyake, kukazuka kambi. Kufuata kambi zikaja duka za Wahindi, baa na hoteli. Katika muda mfupi mji wa makarani ukawa mji wa mamia ya Wazungu walioishi kwa matumaini.

Lakini tunaposema walowezi walichimba dhahabu, kitenzi hicho kinahitaji kuangaliwa. Aliyeshika sururu, aliyesimama ndani ya maji akitikisa karai, aliyesukuma kigari cha mawe kutoka shimoni, kwa kawaida alikuwa Mwafrika anayelipwa mshahara mdogo wa mwezi. Kibali, kigingi na pesa ya dhahabu vilikuwa vya mwingine. Kwa mujibu wa sheria, madini yote yalikuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Mwenye shamba alistahili fidia ya kilichoharibika juu ya ardhi: mazao, nyumba, miti. Kilichokuwa chini ya miguu yake hakikuwahi kuwa chake.

Hata hivyo itakuwa si haki kuwaeleza wenyeji kama watu waliosimama tu wakitazama. Migodi ilihitaji chakula, na wanawake waliuza unga, maharagwe, kuku na pombe. Vijana ambao wangelazimika kwenda mashamba ya chai ya Kericho au ya mahindi ya Trans Nzoia kutafuta pesa ya kodi, sasa walipata kazi ya kutembea kwa mguu kutoka nyumbani. Mlowezi aliyebaki shambani akaanza kulalamika kwamba hapati vibarua. Mji ulileta pesa, na mtu anayedaiwa kodi haikatai pesa. Lakini mtu anaweza kupokea mshahara mchana na usiku akalala akijiuliza kama kigingi kitafika mlangoni.

Swali hilo liliufikia utawala nao, kwa upande wake. Mwaka 1932 serikali ilimleta mwanajiolojia Sir Albert Kitson, na taarifa yake iliwatia matumaini makubwa waliotaka kuwekeza. Ikawa wazi kwamba dhahabu ya mitoni ingeisha haraka, na kwamba mali yenyewe ilikuwa ndani ya miamba. Kufikia huko kunataka mashine, nguzo na mtaji. Na mwenye mtaji hutaka hati ya kukodi ardhi kwa miaka mingi. Sheria ya 1930 ikawa kizuizi. Ardhi mbadala ingetoka wapi, katika wilaya iliyojaa watu namna ile? Kulipa kwa ardhi kungemaanisha kugusa ardhi ya walowezi, na hilo halikuwa likizungumziwa. Kwa hiyo, siku chache kabla ya Krismasi ya 1932, Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi lilirekebisha sheria. Kuanzia hapo ardhi ya rizavu iliyochukuliwa kwa migodi ingeweza kulipwa kwa fedha badala ya ardhi, na ule ulazima wa kuwashauri wenyeji kwanza ukaondolewa.

Kelele zilisikika hadi London. Lord Lugard, mtu ambaye mwenyewe alijenga dola ya Kiingereza huku Afrika, alisimama katika Bunge la Malodi akipinga. Katika Kavirondo, Shemasi Mkuu Walter Owen wa kanisa la Anglikana, ambaye walowezi walimchukia kwa kutetea Waafrika, alipiga vita mabadiliko hayo kwa barua na hotuba. Waziri wa Makoloni, Sir Philip Cunliffe-Lister, alijibu kwamba uchimbaji ungekuwa wa muda, ungegusa eneo dogo, na ungewanufaisha wenyeji wenyewe. Nikisoma hoja hizo leo naona kitu kimoja: wote waliokuwa wakibishana walikuwa mbali na shamba. Walibishania heshima ya ahadi ya Uingereza. Wenye ardhi walikuwa wakibishania ardhi.

Na walibishana. Mwaka huohuo wa 1932 Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter ilikuwa ikizunguka Kenya kusikiliza ushahidi, na ilifika North Kavirondo wakati vigingi vilikuwa tayari vimepigwa. Wazee na vijana waliosoma shule za misheni walisimama mbele yake kueleza mipaka: mto huu, mti ule, kaburi lile. Walidai hati miliki. Walitaka karatasi, kwa sababu walikuwa wameona karatasi moja ikifutwa na nyingine. Kikaanzishwa chama cha siasa, North Kavirondo Central Association, kilichowavuta hasa wasomi wa misheni ya Quaker ya Kaimosi.

Hapo ndipo ninapoona urithi mkubwa zaidi wa dhahabu ya Kakamega, na hauna uzito wa wakia hata moja. Kabla ya miaka ya 1930 watu wa wilaya ile walijiita kwa koo na makundi yao: Wawanga, Wabukusu, Waidakho, Wamaragoli, Watiriki na wengineo. Serikali iliwaita Wakavirondo, jina ambalo wengi hawakulipenda. Katika mapambano ya kutetea ardhi, wanasiasa wale wapya walihitaji jina moja la kusimama nalo mbele ya tume, na wakalichukua Abaluyia, lenye asili ya oluyia, mahali ambapo watu wa ukoo hukusanyika kuota moto. Mwanahistoria Julie MacArthur ameonyesha jinsi purukushani za dhahabu na ile tume zilivyowasukuma watu hawa kuchora ramani ya nchi yao na kujifikiria kama jamii moja. Leo Waluhya ni miongoni mwa jamii kubwa zaidi Kenya, na kila uchaguzi ukikaribia utasikia watu wakijadili "kura ya Waluhya" kana kwamba iliumbwa pamoja na milima. Ina umri wa chini ya miaka mia, na ilizaliwa karibu na shimo la mgodi.

Dhahabu yenyewe haikutimiza ndoto. Wakulima waliofilisika walirudi walikotoka, wengi wao mikono mitupu, na kampuni zikachukua nafasi yao. Kubwa kuliko zote ilikuwa Rosterman, kando tu ya mji, ambao ulitoa takriban robo milioni ya wakia. Miti ya msitu ilikatwa kuwa nguzo za mashimo na kuni za mitambo. Vita Kuu ya Pili ikapandisha gharama, mawe mazuri yakazidi kwenda chini, na mwaka 1952 Rosterman ukafungwa. Mwanahistoria Priscilla Shilaro aliyeandika kitabu kizima juu ya kipindi hiki alikiita Eldorado iliyoshindwa, na ni vigumu kumpinga.

Ukienda Rosterman leo utakuta mtaa wa kawaida: nyumba za kupanga, vibanda vya mboga, vijana wa bodaboda wakisubiri abiria. Jina la mgodi limekuwa anwani. Vivyo hivyo kusini yake, ambako wengi husimulia kwamba jina Ikolomani si kingine ila "gold mine" ya Kiingereza iliyopita katika ulimi wa Kiluhya ikatoka na nguo mpya. Na huko Ikolomani uchimbaji haujawahi kukoma. Wanaume huteremka kwa kamba katika mashimo membamba yaliyokingwa kwa magogo. Wanawake huponda mawe na kuosha unga wake kwenye karai, wakikusanya punje kwa zebaki kwa mikono mitupu. Mvua ikizidi, mashimo huporomoka. Watu hufukuliwa, wengine wakiwa hai.

Sasa kampuni zimerudi. Mwaka 2020 Shanta Gold ilinunua mradi wa dhahabu wa magharibi ya Kenya kutoka kwa Barrick, na utafiti wake katika maeneo ya Isulu na Bushiangala umekadiria zaidi ya wakia milioni moja, mara kadhaa ya zile zilizotoka Rosterman. Mazungumzo ya vijijini yamerudi palepale yalipokuwa 1932: nani atahamishwa, atalipwa kwa fedha au kwa ardhi, na makaburi yatafanywaje. Kwa watu wanaozika wafu wao ndani ya boma, hili la mwisho si jambo dogo. Shilingi zina bei ya nyumba na bei ya mparachichi. Bei ya kaburi la mama haijulikani.

Tofauti zipo, na nisizifiche. Sheria ya Madini ya 2016 inataka mrabaha ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayoishi penye madini. Inatambua wachimbaji wadogo, jambo ambalo mkoloni hakulifikiria. Wananchi wana wabunge, mahakama, na simu za kurekodi mikutano. Na wengi wana ile hati miliki ambayo babu zao waliiomba mbele ya Carter.

Lakini Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inaweka madini yote katika ardhi ya umma, yakishikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Mfalme ameondoka na serikali imekaa kwenye kiti chake. Mwenye hati wa Bushiangala anamiliki mahindi, migomba na nyumba. Hati yake haifiki kwenye mwamba. Anapoambiwa kwamba mradi utakuwa wa manufaa kwake na kwa taifa, anayo haki ya kuuliza manufaa hayo yatadumu muda gani. Akijibiwa milele, na aombe tarehe.