Nairobi Half Life
Filamu ya Kenya ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David “Tosh” Gitonga na kuungwa mkono na Mjerumani Tom Tykwer. Mwas (Joseph Wairimu) anauza DVD kijijini huku akiwaigizia wateja vipande vya filamu. Anaingia Nairobi akitafuta uigizaji. Mara anaporwa, anatupwa mahabusu na kulazimishwa kusafisha choo kichafu kupindukia, tukio ambalo mtazamaji halisahau. Humo anakutana na Oti (Olwenya Maina), anayemwingiza katika genge la wezi wa vipuri vya magari. Mazungumzo ni ya Kiswahili, Kikuyu na Sheng, na hapo ndipo utamu wake. Wairimu alitunukiwa tuzo ya uigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban. Kenya nayo ikaipeleka filamu hiyo kuwania Oscar, mara yake ya kwanza.