Safu ya Lugha: Kubeti si kubashiri

Mashabiki wa mpira wa vikapu wa vyuo hapa Eldoret wana kamchezo kao. Kabla vijana wa Chuo Kikuu cha Moi hawajaingia uwanjani, kila mmoja anaandika kwenye kikaratasi nani atashinda na kwa pointi ngapi. Mshindi anapata haki ya kujigamba hadi mechi ijayo, basi. Nao hukaita kamchezo hako "kubeti". Jamani! Kubeti, neno tulilookota kwa Waingereza, hudai dau. Wakiweka shilingi mia mezani, hapo sawa, na jina lake la zamani ni kamari. (Watanzania hupenda kusema michezo ya kubahatisha, hata bodi yao ya serikali inaitwa hivyo.)

Wanachofanya hawa ni kubashiri. Neno hili la Kiarabu asili yake ni kuleta habari njema, ingawa siku hizi twabashiri hata kichapo. Kutabiri nako kulianza na kufasiri ndoto, kabla watu wa hali ya hewa hawajalichukua neno hilo. Na yule anayeandika 70 kwa 64 bila kumjua mchezaji hata mmoja? Huyo anakisia tu.