Ushanga na Thamani Yake

Katika vitu vyote ambavyo wanadamu wamepata kuvitengeneza kwa mikono yao, vichache ni vidogo kuliko chembe ya ushanga. Ukiiweka kiganjani yaweza kukuponyoka kati ya vidole, na ikianguka mchangani huioni tena. Haikati kama kisu, haipiki kama chungu, wala haikingi baridi kama nguo. Hata hivyo, msomaji, chembe hiyo imevuka bahari na majangwa, imenunua pembe za ndovu, imewalisha wapagazi njiani, imewapamba maharusi, na imejipatia nafasi yake katika historia ya Afrika ya Mashariki.

Pana neno moja ambalo hapana shaka umepata kulisikia. Husemwa kwamba wageni walipokuja katika nchi hizi waliwahadaa wazee wetu kwa shanga. Kwamba mzee alitoa pembe ya ndovu, akapokea kigwe cha vioo vya rangi, akaenda zake akifurahi kama mtoto mchanga. Wengine hulisema neno hili kwa dhihaka, wengine kwa huzuni. Insha hii yakutaka ulipime kabla ya kulikubali. Kadhi mwema hasikilizi upande mmoja, na sisi tutauita ushanga wenyewe uje utoe ushahidi wake.

Ushahidi wa kwanza ni wa zamani sana, kabla ya merikebu ya kwanza kutia nanga pwani. Katika kaunti ya Kilifi, yapata kilomita 15 kutoka baharini, lipo pango liitwalo Panga ya Saidi. Wataalamu waliochimbua humo walitangaza mwaka 2018 kwamba wameona ushanga uliotengenezwa kwa ganda la kombe la baharini, na umri wake ni kati ya miaka 63,000 na 67,000. Bara, karibu na Naivasha, katika pango la Enkapune ya Muto, zimeonekana shanga za kaka la yai la mbuni ambazo umri wake wakadiriwa kuwa yapata miaka 40,000. Basi ujue kwamba mapambo hatukuyajifunza kwa mgeni. Watu wa nchi hii walitunga shanga kabla ya kulima shamba, kabla ya kufuga ng'ombe, na kabla ya kufua chuma.

Wala kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Njia ya kutengeneza shanga za mayai ya mbuni imeonekana kwa Wasani wa kusini mwa Afrika hata katika nyakati za karibuni. Fundi hulivunja kaka vipande vidogo, akakitoboa kila kipande katikati kwa kitu chenye ncha, taratibu, maana akikaza mkono kipande hupasuka na taabu yote huwa bure. Kisha huvitunga vipande vingi pamoja katika ugwe, akavisugua juu ya jiwe mpaka pembe zake ziishe na vyote viwe duara za kimo kimoja. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Biashara ya ng'ambo ilipoanza, shanga za kioo zilikuwa miongoni mwa bidhaa za mwanzo. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, chaeleza kwamba katika bandari za pwani yetu ziliuzwa mikuki, mashoka, visu, na vitu vya kioo vya aina nyingi. Baadaye zikaja shanga ndogo za kioo kutoka Bara Hindi, pamoja na zile za akiki nyekundu zilizochongwa Gujarat.

Lakini kuja kwa bidhaa za wageni hakukuwafanya wenyeji waketi na kukunja mikono. Katika kisiwa cha Pate yako magofu ya mji wa Shanga, uliokaliwa na watu tangu karne ya 8 mpaka karne ya 15. Mark Horton alianza kuyachimbua mwaka 1980. Miongoni mwa vitu vilivyofukuliwa humo ni shanga za makombe ya bahari, na vigae vyenye mifereji myembamba ambamo shanga hizo zilisuguliwa mpaka zikawa laini. Mbali kusini, karibu na Mto Limpopo, mafundi wa mahali paitwapo leo K2 walifanya jambo la kustaajabisha zaidi. Yapata miaka elfu iliyopita, walizitwaa shanga ndogo zilizotoka ng'ambo, wakaziyeyusha motoni, wakazitia katika kalibu za udongo, na kutoa shanga kubwa walizozitaka wao. Mtu anayekiyeyusha alichonunua ili akifanye upya kwa kadiri ya nia yake hawezi kuitwa mtu aliyepumbazwa.

Sasa na tuvuke bahari, tupate kujua shanga za misafara ya karne ya 19 zilitoka wapi. Nyingi zilitoka Venice, katika Italia, ambako tanuri za kioo zilihamishiwa kisiwa cha Murano tangu mwaka 1291. Fundi alichota donge la kioo kilichoyeyuka, akalifanya liwe na uwazi katikati. Kisha watu wawili walilishika huku na huku, wakaachana mbio, na lile donge likavutika likawa mrija mrefu mwembamba, nao uwazi ukabaki ndani yake. Mirija ilipopoa ilikatwa vipande vidogo, vipande vikatiwa motoni tena mpaka makali yake yakalainika. Kazi ya kuzitunga waliachiwa wanawake maskini wa mji, waliokaa milangoni mwao na sinia ya mbao mapajani, wakizichota shanga kwa sindano ndefu nyingi kwa pamoja, kwa ujira mdogo. Kumbuka hili, msomaji: hata huko ulikotoka, ushanga ulipita katika vidole vya watu wanyonge.

Kutoka huko shanga zilifika Unguja, na kutoka Unguja zikaingia bara juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Hapa ndipo lile neno la dhihaka lilipopata asili yake, na hapa ndipo tunapopaswa kulipima sana. Richard Burton, aliyesafiri mpaka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika majina mengi ya shanga. Ushanga mwekundu wenye moyo mweupe uliitwa samesame. Ulikuwa na majina ya utani pia: moja lilimaanisha kwamba humaliza chakula, na jingine kwamba huvunja miji, kwa jinsi ulivyopendwa na wanawake. Yeye asomaye hayo peke yake aweza kudhani kwamba watu walipokea chochote kilichong'aa.

Msikilize na Henry Stanley. Alipokuwa Unguja mwaka 1871, akijitayarisha kumtafuta Livingstone, alitaabika sana katika kuchagua shanga. Aliambiwa kwamba nyeusi zapokewa Ugogo, lakini kwa makabila mengine si kitu. Zile kubwa mfano wa yai, ziitwazo sungomaji, zilikuwa na thamani Ujiji, bali kwingine zingekataliwa. Nyeupe zilipendeza Ufipa, na Ukonongo zingedharauliwa. Msafiri aliyekosea rangi alijitwika mzigo usio na faida, akakaribia kufa njaa katikati ya vyakula. Je, huyo anayekataa rangi hii na kutaka ile, na muuzaji wa mbali akalazimika kumfuata, ndiye aliyehadaiwa?

Huko Ujiji ushanga ulikuwa fedha hasa. Verney Cameron, aliyefika huko mwaka 1874, alieleza habari za shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya mti wa kiko. Asubuhi soko lilipofunguliwa, watu wenye mifuko ya sofi walizitoa kwa wanunuzi, wakapokea shanga za aina nyingine. Jioni walizipokea sofi zao tena kutoka kwa wauzaji, nao walipata faida mara zote mbili. Hiyo ni kazi ile ile ya kubadili fedha ifanywayo leo mipakani na katika mabenki. Wala sarafu yetu haina tofauti: noti ni karatasi tu, haina thamani ila ile ambayo watu wamekubaliana kuipa. Asiyejua maana haambiwi maana.

Katika Kenya yenyewe tuna mfano ulio bora kuliko yote. Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskoti aliyetumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, alitoka Mombasa ili apite nchi ya Wamaasai. Alipofika Taveta aligundua kwamba shanga zake hazifai jinsi zilivyo. Rangi si kitu, ikiwa kigwe chenyewe hakikutungwa kwa urefu ambao Wamaasai wameuweka kuwa kipimo chao, kilichopungua hakipokelewi. Ikawa lazima msafara ukae chini, ufungue mizigo, na kutunga upya vigwe takriban 60,000. Hebu ufikirie jambo hilo. Msafara wenye bunduki ulisimama Taveta ukitunga shanga, kwa sababu wanunuzi wa bara walikuwa na sheria ya kipimo, nayo ilimbana mgeni kabla hajakanyaga nchi yao.

Basi ushahidi wasema kwamba wazee wetu hawakuwa wapumbavu. Walijua walichokitaka, waliweka masharti, na masharti yao yalitiiwa. Lakini haki hutaka tuseme na upande wa pili. Ndovu hukua kwa miaka mingi, na akifa pembe zake hazioti tena. Tanuri ya Venice iliweza kutoa shanga kwa magunia, mwaka baada ya mwaka. Pembe ilipofika Ulaya na Marekani iligeuzwa vibao vya vinanda na tufe za mchezo wa biliadi, ikaongeza utajiri wa viwanda. Njia zile zile zilizoleta shanga zilipitisha watu waliofungwa minyororo, na hakuna kipimo cha ushanga kiwezacho kuwa halali kwa nafsi ya mwanadamu. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873.

Hasara ilikuwa wapi, basi? Haikuwa katika kuupenda ushanga, maana kupenda uzuri si aibu. Hasara kubwa ilikuwa kwamba ushanga ulikuja, lakini elimu ya kuutengeneza ilibaki ulikotoka. Mnunuzi alikuwa na amri juu ya rangi na urefu, lakini tanuri haikuwa yake. Aliye na tanuri hula faida kila siku. Aliye na kigwe hula faida siku moja.

Hata hivyo, twapaswa kuona walivyofanya wale walioupokea ushanga huo. Wamaasai na Wasamburu walikuwa na mapambo ya chuma, ngozi, mbegu na mifupa. Shanga ndogo za kioo zilipozidi kuingia, nyingi zikitoka nchi iitwayo leo Chekia, wanawake walizitwaa wakaunda sanaa ambayo haikuwako Venice wala Chekia. Walizipanga juu ya waya na ngozi, wakafanya mikufu mipana iliyo bapa kama sahani, wakazipa rangi maana: nyeupe ikawa maziwa, nyekundu damu na ushujaa, buluu mbingu, kijani majani ya malisho. Yeye ajuaye kusoma humtazama mvaaji akatambua kama ni mwali au mke wa mtu. Kioo kilikuwa cha ng'ambo; elimu ya mpango wake ilizaliwa hapa.

Katika zama zetu tanuri nayo imepata kuwa yetu. Mwaka 1975 Susan Wood alianzisha karakana ndogo huko Karen, Nairobi, pamoja na wanawake wawili waliokuwa wakiwalea watoto wao peke yao. Karakana hiyo iliitwa Kazuri, na mwaka 1988 ikawa kiwanda. Hapo shanga hazitoki ng'ambo, hufinyangwa kwa udongo wa nchi hii. Udongo hukandwa, ukaviringishwa kwa viganja, chembe moja moja; ukatobolewa, ukakaushwa na kuchomwa. Kisha kila chembe hupakwa rangi kwa brashi, ikarudishwa motoni ili ing'ae. Wale wawili wa mwanzo walifuatwa na mamia, na kazi yao yavaliwa katika nchi ambazo hapo kale zilituletea shanga.

Msomaji, ushahidi umekwisha, na hukumu ni yako. Ikiwa utalisikia tena lile neno la dhihaka, usilijibu kwa hasira. Lijibu kwa Taveta na vigwe vyake 60,000, kisha ukiri kwa uaminifu hasara iliyopatikana, na uitaje sababu yake. Nawe utakapokiona kidani shingoni mwa mtu, au mama aketiye kando ya njia akitunga, usiseme kwamba hicho ni kitu cha kuchezea watoto. Ukipata nafasi, keti karibu naye ujifunze kutunga, kufinyanga na kuchoma. Kununua kitu kizuri si vibaya, lakini taifa hustawi kwa wale wajuao kukitengeneza.