Chuma Ndani, Chuma Nje
Mtu akianguka kutoka juu au akipata ajali ya gari, mwisho wa chini wa mfupa wa muundi huweza kugongana na mfupa wa kifundo cha mguu hadi uso wa kiungo ukasagika. Jeraha hilo lilijibiwa kwa njia mbili katika karne ya 20: moja ilikulia Uswisi, nyingine Kurgan, Siberia.

Waswisi walianza na kiungo. Daktari Maurice Müller na wenzake waliunda AO, chama cha upasuaji wa mifupa, mjini Biel mwaka 1958. Mwaka 1969 madaktari wa Uswisi Rüedi na Allgöwer wakaeleza hatua nne: kurudisha urefu wa mfupa mwembamba wa pembeni, kupanga upya uso wa kiungo, kujaza pengo kwa mfupa wa kupandikiza, kisha kukaza bamba kwa skrubu.

Daktari Gavriil Ilizarov, aliyetibu majeruhi wa vita huko Kurgan, alianza na nyama na damu inayoulisha mfupa. Pete zake huuzunguka mguu kwa nje, na nyaya nyembamba zilizovutwa kwa nguvu hupenya mfupa bila kupasua sana. Magharibi ilimjua zaidi baada ya mpanda milima Mwitalia, Carlo Mauri, kutibiwa huko mwaka 1980.

Kila njia ina gharama yake. Bamba hunyoosha kiungo kwa usahihi, lakini hudai ngozi ipasuliwe. Pete huihurumia ngozi, lakini mgonjwa huzibeba kwa miezi, matundu ya nyaya huweza kutunga usaha, na kiungo kilichosagika sana si rahisi kukipanga bila kukifungua.

Wagonjwa nao walitofautiana. Wengi wa Rüedi na Allgöwer waliumia wakiteleza kwenye theluji, nyama ikasalimika. Hatua zilezile zilipofanywa mapema kwa majeruhi wa ajali kubwa, vidonda viligoma kufunga.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, suluhu ilikuwa kugawa upasuaji mara mbili. Kwanza huwekwa vyuma vya nje, ambavyo Tanzania huitwa antena. Havina pete za Kurgan, ila vinaheshimu hoja ileile ya nyama. Uvimbe ukipungua na ngozi ikirudi kukunjamana, kwa kawaida baada ya wiki moja hadi tatu, ndipo bamba la Waswisi huingia.

Kwa hiyo ndugu yako akifungwa antena na kuambiwa asubiri, usidhani ametelekezwa: kusubiri huko ni sehemu ya tiba.