Uunganishaji wa Mabomba ya PPR na ya Chuma

Uunganishaji wa mabomba ya PPR (aina ya plastiki) na ya chuma ni kazi ya ufundi bomba inayofanyika nyumba yenye mabomba ya zamani ya chuma kilichopakwa zinki inapowekewa hita mpya ya maji. Kwa mfano, Buhongwa, kata ya wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, haina baridi ya kudai redieta za vyumbani kama Ulaya. Maji ya moto huishia bafuni na jikoni. Kiungo cha kati ya chuma na PPR kina hesi ya shaba upande mmoja, na upande wa pili plastiki inayounganishwa kwa joto la takriban 260°C.

Tatizo kuu ni kipenyo. Bomba la chuma la nusu inchi lina uwazi wa karibu milimita 16, lakini PPR ya milimita 20 ya daraja la shinikizo la PN20, inayowekwa mara nyingi badala yake, ina 13.2 tu, kwa kuwa hupimwa kwa nje na ukuta wake ni mnene. Penye tangi la juu, ambapo mita moja ya kimo hutoa takriban baa 0.1, upungufu huo huhisika; mbadala wa kweli ni milimita 25, yenye uwazi wa 16.6. Wapo wasemao kwamba chuma kikuukuu kimekwishazibwa na kutu, hivyo hata bomba jembamba ni nafuu. Ni kweli, ila kipimo hapo ni bomba bovu, si mahitaji ya nyumba. PPR isiyoimarishwa pia hutanuka: mita tano, joto lake likipanda kwa nyuzi 40, hurefuka karibu milimita 30, hivyo huachiwa nafasi kwenye kona.